Besi Kutoka Ghalani

Historia ya dada yangu iliyosomwa kanisani siku tulipomzika ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba Mwalimu Anande Nnko alizaliwa mlimani, juu ya Kikatiti, akiwa mtoto wa kwanza, akabatizwa, akapata kipaimara, akasomea ualimu, akafundisha shule moja ya msingi mpaka kansa ilipomlaza. Ilisema hakuolewa na kwamba alipenda bustani ya mboga. Yote hayo ni kweli. Kisha msomaji, ambaye ni baba yetu mdogo Elinami, mzee wa kanisa, akafika mahali pa kuwataja waliobaki. Akasoma: "Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, Nice."

Nice ni mimi. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, na kushoto kwangu alikaa kaka yangu Fanuel, amevaa koti la marehemu baba, ameshika kitabu cha nyimbo. Kanisa zima lilikuwa linamwona. Watu wakakohoa. Kutoka mabenchi ya nyuma sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Wawili." Baba mdogo akasita kidogo, kisha akaendelea kusoma kana kwamba mtu amepiga chafya. Fanuel aligeuka kunitazama. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

Kile alichokiruka baba mdogo ndicho ninachotaka kukiandika. Kina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni ya nyumba yetu nzima. Lakini Anande ndiye aliyesimama nayo mbele za watu, na bila hiyo huwezi kueleza alikuwa mwalimu wa namna gani.

Fanuel alizaliwa wa pili, mimi wa mwisho. Yeye ndiye aliyesoma kuliko sisi wote. Mimi niliishia kidato cha nne, yeye alifika cha sita, akaajiriwa karani katika chama cha ushirika cha kahawa. Ndiye aliyeita majina ya wakulima siku ya kupima. Kwenye kwaya aliimba besi, na ukikaa naye benchi moja uliisikia sauti yake mgongoni kabla haijafika masikioni.

Baadaye wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, magari yao yakawa yanapanda mpaka mashambani, na chama kikadhoofika. Makarani wakapunguzwa. Fanuel akarudi nyumbani na sanduku lake la bati. Bei nayo ilikuwa imeshuka, watu wanang'oa mibuni ili wapande nyanya, na Mama naye akang'oa sehemu kubwa ya ile aliyoiacha Baba. Ghala letu la kahawa likabaki tupu.

Fanuel akaacha kulala. Akaacha kuoga. Akawa anaongea na watu ambao sisi hatukuwaona, tena kwa adabu, anawaambia wasubiri. Asubuhi moja Mama alimkuta shambani hana hata nguo moja mwilini, amesimama mbele ya visiki vya mibuni, anaviita kwa majina ya wakulima visogee kwenye mizani, kimoja kimoja, bila kusukumana.

Kwetu, kabla posa haijakubaliwa, wazee wa upande wa pili huulizia ukoo. Kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wazimu? Wakati ule ule familia moja ya Usa River ilikuwa imeanza kuulizia habari zangu. Mama na baba mdogo Elinami wakakaa jikoni, wakazungumza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, na walipotoka Fanuel akahamishiwa ghalani. Kwa muda tu, walisema. Alipewa kitanda, mablanketi, Biblia na kitabu chake cha nyimbo. Chakula alipelekewa kama sisi, na cha moto. Hakupigwa, hakufungwa kamba. Tulikuwa tunajiambia hivyo kila mara: hakupigwa, hakufungwa kamba. Komeo lilikuwa nje.

Watu walipouliza Fanuel yuko wapi, tulisema yuko Mererani. Lilikuwa jibu jepesi. Vijana wa mlima mzima walikuwa wanakwenda huko kwenye machimbo ya tanzanite, wanaitwa wanaapolo, na hakuna mzazi aliyeulizwa zaidi ya hapo. Ukisema Mererani, mtu anaitikia "Mungu amsaidie" na habari inaishia hapo.

Kwetu haikuishia hapo. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na kabla ya kufunga kila nyumba hutoa hoja yake ya maombi. Jumamosi moja mtu akauliza, kwa wema tu, mbona hatumwombei Fanuel. Baba mdogo ndiye aliyejibu. "Tumwombee," alisema, "Mungu amwepushe na mashimo yale." Watu wakainamisha vichwa, wakamwombea mtu aliyekuwa upande wa pili wa migomba, amefungiwa. Wakasema Amina. Na sisi tukasema Amina.

Tangu siku hiyo uongo wetu haukuwa tena wa kuwaambia majirani tu. Ulikuwa umeingia katika sala, na kila Jumamosi ulirudiwa. Mimi ni mtu wa kusali. Mpaka leo kuna siku nikifika kwenye Amina ulimi unakuwa mzito.

Sasa nieleze jinsi Anande alivyoanza kufundisha lile somo.

Shuleni kwao kulikuwa na msichana anayeitwa Sinyati. Baba yake alifariki, na baada ya matanga msichana akaacha kusema. Aliitwa jina, hakuitika. Aliulizwa swali, alitazama ubao. Mwalimu mmoja alimchapa kwa ujeuri, na hakulia. Mwalimu Mkuu Lemburis, mtu mwenye haraka lakini si mbaya, akaona jambo hilo limemshinda. Makumira kulikuwa na semina ya walimu juu ya malezi na unasihi, akamtuma Anande.

Alirudi amebadilika. Nilikuwa namenya ndizi jikoni, akaja akachuchumaa karibu nami bila hata kuvua viatu vya safari.

"Nice, ni ugonjwa," alisema. "Una jina na una dawa. Kulikuwa na muuguzi pale, ametaja kila kitu anachofanya Fanuel, kama mtu aliyekuwa amekaa na sisi hapa jikoni."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia kuna jirani yangu anaumwa hivyo."

Aliposema "jirani" aliangalia chini, akaokota ganda la ndizi, akalitupa kwenye kapu ambalo halikuwa mbali.

Basi akaanza. Kila Alhamisi mchana darasa la sita lilikuwa na kipindi cha malezi. Mimi nilikuwa napika uji wa shule, na jiko la uji lilikuwa nyuma ya darasa hilo. Madirisha hayakuwa na vioo. Nilisikia kila kitu.

"Jirani yenu akiumwa malaria, nyumbani wanafanya nini?" aliuliza.

"Wanakwenda kumwona!"

"Wanabeba nini?"

"Ndizi!"

"Maziwa mgando!"

"Mwalimu, bibi yangu habebi kitu. Anasema ameleta maombi." Huyo alikuwa Saning'o, ambaye hakuna siku aliyokosa neno. Darasa likacheka.

"Na akivunjika mguu?"

"Ndizi!"

"Haya. Na akiugua akili?"

Mtoto mmoja akasema, "Tunakimbia, Mwalimu."

"Saning'o anarusha mawe kwanza ndiyo anakimbia!"

"Mimi? Wewe je? Siku ile sokoni nani aliniokotea mawe?"

Anande hakuwagombeza. Aliwaambia kwamba akili inaugua kama tumbo linavyougua. Kwamba kuna huzuni inayopita na kuna huzuni inayokaa, na ile inayokaa haifukuzwi kwa fimbo. Kwamba mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na hakuzitafuta. Aliwafundisha kwamba mtoto akiona usingizi umemkimbia, au hamu ya kuishi imepungua, amwambie mtu mzima anayemwamini, na akipuuzwa amwambie mwingine. Aliwaeleza kwamba kusali ni vizuri na hospitali ni vizuri, na kwamba kimoja hakimkatazi mtu kingine. Halafu akawafanya wakariri: mgonjwa wa akili anaonwa kama mgonjwa wa malaria. Darasa zima likaimba maneno hayo kama hesabu za kuzidisha. Nilikuwa nakoroga uji, nikajikuta nimesimama, mwiko mkononi.

Na Sinyati akaanza kusema. Si kwa siku moja. Anande alikuwa anakaa naye wakati wa mapumziko bila kumuuliza lolote, wanapukuchua mahindi ya shule, na siku moja msichana akasema punje hizi zimetobolewa na wadudu. Baada ya hapo alianza kujibu akiulizwa. Lakini darasani hakuwa amewahi kunyoosha mkono.

Jumamosi moja zamu ya sala ikafika nyumbani kwetu. Siku kama hizo tulimpa Fanuel chakula mapema, tukamwomba atulie, naye mara nyingi alitulia. Siku hiyo watu walipoanza wimbo wa pili, kutoka nyuma ya migomba ikaja besi. Haikukosea hata neno. Ilishuka pale inapopaswa kushuka na kushikilia pale kwaya yetu ilipokuwa imepungukiwa tangu alipoondoka.

Mama akapandisha sauti yake. Aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mgeni mmoja akainamia kwa baba mdogo, akauliza, "Hiyo redio?"

"Redio ya jirani," alisema baba mdogo.

"Ina betri nzuri."

Wazee wa pale karibu walifumba macho kwa nguvu zaidi. Anande alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mapajani, midomo yake haitikisiki.

Alhamisi iliyofuata alikuwa anarudia somo. Mgonjwa wa akili anaonwa kama nani? Kama mgonjwa wa malaria. Ndipo Sinyati akanyoosha mkono. Nilijua ni yeye kwa sababu darasa zima lilinyamaza ghafla, na Anande akasema kwa furaha, "Ndiyo, Sinyati! Simama mwanangu."

"Mwalimu," alisema yule msichana, sauti yake ndogo kama ya mtu aliyetoka kuumwa koo, "na mgonjwa akiwa amefungiwa, sisi tunaingilia wapi?"

"Dirishani!" Saning'o aliropoka. Hakuna aliyecheka.

Nilisubiri jibu. Nilisikia chaki ikiwekwa mezani. Nilisikia Anande akisema kwamba kipindi kimekwisha, na hakikuwa kimekwisha. Watoto walitoka polepole, bila kelele ya watoto wanaotoka darasani. Anande alikuja jikoni kwangu, akasimama na mgongo wake ukutani, machozi yanamtoka.

"Moshi," alisema.

Moto ulikuwa umeshazimika.

Siku hiyo hiyo alimwendea Mama. Nilikuwepo. "Mama, nimeshindwa kumjibu mtoto wa darasa la sita," alisema. "Tumpeleke Fanuel hospitali. Tufungue."

"Mtoto gani huyo anayeuliza mambo ya nyumba za watu?"

"Mama, wanajua. Watoto wanajua."

"Watoto si wazee wa Usa River." Mama alikuwa anapepeta maharage, hakuacha. "Subiri mdogo wako aolewe. Au unataka azeekee hapa jikoni kama wewe?"

Anande alikuwa na miaka arobaini na kidogo. Alichukua sahani ya Fanuel, akampelekea chakula, akalirudisha komeo kwa mkono wake mwenyewe. Na Alhamisi iliyofuata aliwafundisha watoto usafi wa meno.

Usafi wa meno uliendelea kwa muda mrefu. Sinyati hakunyoosha tena mkono.

Kisha ikaja ile mvua kubwa. Watu wa rika langu wanaikumbuka, mvua iliyonyesha miezi na miezi, madaraja yakabebwa na mito ikabadili njia. Tukasikia redioni kwamba mashimo ya Mererani yamejaa maji na wachimbaji wamo ndani. Kabla ya mchana watu walianza kuingia uani kwetu. Walileta kuni, sukari, maharage. Vijana wakafunga turubai. Wanawake wakaingia jikoni bila kuuliza, wakabandika sufuria kubwa motoni, kama ilivyo kawaida yetu pakiwa na msiba.

Wote walikuja kwa ajili ya Fanuel.

Mama alikaa kwenye mkeka, kanga kichwani, amejikunyata. Watu walidhani ni uchungu. Baba mdogo alizunguka huku na huku akisema, "Tusubiri habari kamili, ndugu zangu, tusubiri habari kamili," na nilimwona usoni kwamba wazo limemjia, nalo likanitisha. Kama watu wangelia mpaka wachoke, wakarudi makwao, basi. Fanuel angekuwa amekufa kwa heshima, na hakuna ambaye angeulizia tena.

Ndipo akaingia Mama Elifuraha. Alikaa juu kidogo ya kwetu, mjane, na mwanawe wa pekee Elifuraha kweli alikuwa Mererani. Hakuna aliyekuwa na habari zake. Watu walikuwa wamejaa kwake pia, lakini aliwaacha, akatembea kwenye matope mpaka kwetu. Akakaa mkekani mbele ya Mama, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Anande," alisema, "leo mimi na wewe tumekuwa kitu kimoja. Wengine hawajui. Wewe unajua." Akamlilia Fanuel. Alimtaja kwa jina, akamlilia kabla ya kumlilia wake.

Mtu akaanzisha wimbo wa msiba. Watu wakaupokea. Na kutoka nyuma ya migomba besi nayo ikaupokea.

Safari hii Mama hakuwa na sauti ya kuifunika. Uani palikuwa na watu wengi na wote walisikia. Mama Elifuraha aliinua kichwa. Baba mdogo alikuwa ameshafungua mdomo, nadhani ni ile redio iliyokuwa inakuja, Anande akasimama.

"Baba mdogo, naomba usiseme," alisema. Kisha akageukia watu. Alikuwa amezoea kusimama mbele ya darasa, lakini mikono hakujua aiweke wapi, akashika kitenge chake. "Jamani, Fanuel hayuko Mererani. Hajawahi kwenda. Anaumwa akili, na tumemfungia kwenye ghala la Baba. Mmemwombea miaka hii yote, nasi tukiitikia Amina, na tulikuwa tunajua. Tusameheni."

Wimbo ulikuwa umekatika, ila besi haikujua. Ilimaliza ubeti wake peke yake.

Mama Elifuraha aliachia mikono ya Mama. Akaifuta ya kwake kwenye kanga, upande huu na upande ule. "Wako yupo," alisema. "Unaye hapo. Na umeniacha nimlilie." Hakupaza sauti. Aliinuka, akarudi kwenye matope alikotoka. Watu wengine wakamfuata, maana kwake ndiko kulikokuwa na msiba. Wengine walichukua kuni zao. Sukari waliiacha, na hiyo ilituumiza zaidi, kwa sababu hatukujua tuifanyie nini.

Mzee mmoja jirani alimwambia Anande akipita, "Mwanangu, hiyo besi tumeisikia tangu mwaka juzi. Tulidhani hamtaki tuseme." Na kweli hatukutaka.

Anande alikwenda ghalani, akafungua. Nilikwenda naye. Fanuel alitoka akikunja macho kwa mwanga, ndevu zimemfika kifuani, akawakuta wazee wachache waliobaki chini ya turubai.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," walijibu, mmoja mmoja.

Akaangalia mkeka, sufuria, moto. "Nani amefariki?"

Elifuraha hakupatikana. Watu wa Usa River hawakurudi, na siwalaumu, sisi pia tungeulizia hivyo hivyo. Fanuel alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na baada ya muda akaanza kulala. Hakurudi kuwa yule wa zamani. Alihamia chumba cha mbele, chenye komeo kwa ndani.

Lakini kwa Anande lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa kurudi shuleni. Mwalimu Mkuu Lemburis alimwita, akamwambia wazazi wamelalamika. Wengine walisema atawaambukiza watoto. Wengine, na hao ndio waliomchoma, walisema mwalimu wa namna hiyo ana uso gani wa kufundisha malezi. Lemburis alimwambia anaweza kumpa mwalimu mwingine kipindi kile. "Nipe Alhamisi hii moja," alimwomba.

Alhamisi hiyo niliuacha uji uungue. Watoto walisimama kumsalimu, akawaambia wakae. Nilimwona kupitia dirisha, macho yake yako kwenye dawati la mbele na hayapandi.

"Niliwafundisha kwamba mgonjwa wa akili anaonwa," alisema hatimaye. "Kaka yangu alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa nafunga mlango kwa mkono huu, kisha nakuja hapa kuwafundisha. Mlijua. Mliniheshimu mkanyamaza. Naona aibu kusimama mbele yenu. Sinyati, uliniuliza mnaingilia wapi, nami nikakukimbia. Mlango uko wazi sasa. Mnaingilia mlangoni."

Kisha Saning'o akanyoosha mkono, na safari hii hakuwa anatania, nilimwona usoni.

"Mwalimu, tulete za kuiva au za kupika?"

Jumamosi walikuja wachache. Wengi walikatazwa nyumbani. Sinyati alibeba maziwa kwenye kibuyu, Saning'o mkungu wa ndizi uliomlemea, na watoto wengine wawili walisimama mbali kidogo, karibu na njia ya kukimbilia. Wakapiga hodi. Mama alikuwa mlangoni. Alitazama mkungu, akatazama watoto, akaingia ndani haraka. Nilimkuta chumbani amejifunika uso kwa kanga. "Sina hata kigoda cha kuwakaribisha kwake," alisema. Tangu Fanuel augue, hakuna mtu aliyewahi kuja kumwona, kwa hiyo hatukuwahi kuhitaji kigoda. Nilitoa cha jikoni.

"Pole, Kaka," alisema Sinyati.

"Asante. Nimeshapoa."

Walikaa kama wageni wa hospitali. Kisha Saning'o akashindwa kuvumilia. "Kaka, huko Mererani ulipata jiwe?"

Sinyati alimpiga kiwiko. Fanuel alimtazama yule mtoto, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona anacheka, kicheko cha chini kama wimbo wake. "Shimo langu," alisema, "lilikuwa na panya tu."

Lemburis alimwachia Anande kipindi chake. Alikifundisha mpaka alipougua, na kila mwaka, darasa jipya likiingia, alianza kwa kuwaeleza habari ya ghala. Nilimwuliza kwa nini anajidhalilisha mbele ya watoto wasiojua lolote. Alisema asipoanza nayo, yale mengine hayatoki mdomoni. Sidhani kama aibu ilimwisha. Alipenda kusema Mungu amemsamehe, naye aliamini hivyo, lakini akisema hivyo alikuwa anajifuta mikono, upande huu na upande ule.

Alikuwa anamwendea Mama Elifuraha pia. Alipewa kigoda, hakupewa chai. Alikaa, akasaidia kupukuchua au kufagia, akarudi. Mama yetu hakuweza kwenda. Alifariki bila kufika pale, na kanisani wale wawili walikaa mabenchi ya mbali mpaka mwisho. Mimi niliolewa na fundi cherehani wa mtaa wa Daraja Mbili, mjini. Ndugu zake walipokuja kuulizia ukoo, Anande ndiye aliyewapokea, akamwita Fanuel aje awasalimie kabla hata chai haijamiminwa.

Ile sauti iliyosema "Wawili" siku ya mazishi ilikuwa ya Mama Elifuraha. Baada ya kaburi kufukiwa alikuja uani kwetu kwa fimbo yake, akaniuliza, "Nice, kile kikaratasi nani alikiandika?"

"Baba mdogo, Mama. Alisema kuna wageni kutoka mbali."

"Hata kwangu huja wageni kutoka mbali, na Elifuraha wangu namtaja." Akamtafuta Fanuel kwa macho, akamkuta amekaa kwenye kigoda kile kile cha jikoni, koti la Baba limemwangukia mabegani. "Wewe besi," alimwita, "sogea nikae." Fanuel alimpisha. Nilimletea chai, akainywa yote.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Fanuel aliniuliza kama karatasi ile inaweza kuandikwa upya. Nilimwambia marehemu ameshazikwa, historia yake imeshasomwa.

"Lakini wa kuhesabiwa bado wapo," alisema.

Basi naandika. Mwalimu Anande Nnko ameacha wadogo wawili, Fanuel na Nice.